JIWE LA MJOMBA

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba usiache mbachao kwa msala upitao. Methali hii niliijua tangu shule ya msingi, na nimeitia katika insha nyingi nikapata alama za kuridhisha. Lakini ndugu msomaji, kuiandika methali kwenye karatasi si sawa na kuiona imesimama mbele yako ina pembe mbili na mkia. Methali yangu ilikuwa maksai. Nisikilize basi nikueleze, na ukicheka, cheka polepole, kwa maana mwenye makosa katika kisa hiki ni mimi mwenyewe.

Kwetu ni Kibwezi, Kaunti ya Makueni. Shule yetu, kama mjuavyo, iko huku Kitui. Kila muhula ninapanda matatu pale Kibwezi, tunavuka Mto Athi, tunaingia Kitui, tunapita Ikutha na Mutomo mpaka tunafika mjini. Pale Ikutha ndipo anapokaa mjomba wangu, kaka yake mama. Mjomba ni mkulima wa mtama, kunde na ndengu. Ana mbuzi kadhaa na maksai wawili wa kuvuta plau. Maksai hao ndio benki yake, ndio trekta yake, na majirani wasio na maksai humlipa awalimie.

Likizo ya mwezi wa Aprili nilishuka Ikutha nikalala kwake siku mbili. Usiku, baada ya kula muthokoi, mjomba aliingia chumbani akatoka na mkebe wa zamani wa Kimbo. Akafunga mlango. Akatoa kitambaa, akakifungua, na ndani yake mlikuwa na jiwe lenye ukubwa wa yai la kuku. Lo! Lilikuwa jeupe, linapenya mwanga kama kioo cha dirisha, lina nyuso zilizonyooka kana kwamba fundi amezikata kwa msumeno. Upande mmoja tu ndio uliokuwa na ukungu kama maziwa yaliyotiwa maji.

"Nililitoa kwenye korongo la mto mvua ilipokatika," akaninong'oneza. "Wewe ndiwe msomi wa ukoo huu. Hebu niambie, ni nini hii?"

Kuitwa msomi! Kichwa kilivimba. Nilikumbuka nilisoma mahali kwamba almasi hukata kioo. Nikachukua kipande cha kioo kilichovunjika, nikakikwaruza kwa ncha ya lile jiwe. Krrr! Mstari mweupe ukabaki. Nikapangusa kwa kidole, mstari haukutoka. Nikamtazama mjomba machoni nikatangaza kama jaji: "Mjomba, hii ni almasi."

Sikusema "huenda". Sikusema "nitauliza". Nilisema "ni".

Kesho yake nilishika njia ya nyumbani nikasahau. Mjomba hakusahau. Niliporudi mwezi wa Agosti, nikiwa njiani kuja shule, nilimkuta amebadilika. Anacheka ovyo, anazungumza habari za nyumba ya mawe na tangi la maji. Kumbe habari zilikuwa zimemfikia dalali mmoja aliyekuwa akizungukazunguka kutafuta vito. Dalali huyo aliliangalia jiwe kwa kioo cha kukuzia, akatikisa kichwa, akasema ni almasi kweli ila ina doa, na doa hupunguza thamani. Hata hivyo angemsaidia. Mjomba atoe shilingi elfu thelathini za kupimia jiwe na kushughulikia karatasi, kisha mnunuzi aje na pesa nyingi.

"Elfu thelathini utatoa wapi, mjomba?" nikauliza.

"Nitauza maksai mmoja. Mteja yuko tayari, mwisho wa mwezi wa Septemba anakuja kumchukua."

Moyo ulinipiga paa. Mvua yetu ya kutegemewa huku Ukambani ni ile ya Oktoba na Novemba. Na kila mtoto wa huku anajua kwamba maksai mmoja havuti plau. Susu, ambaye alikuwa akipepeta kunde kando yetu, hakuinua macho. Alisema tu, "Mwenye kutoa habari ni msomi. Mimi sikusoma." Maneno hayo yaliniingia kama mwiba wa mgunga.

Hapo ndipo nilipoanza kuwa na shaka. Nilimwomba mjomba anipe jiwe nije nalo shule lipimwe bila malipo. Alikataa kwanza. Aliogopa lisipotee. Mwishowe akanipa, akaniapisha kwa Mungu, na nikasafiri kutoka Ikutha mpaka Kitui nikiwa nimeukumbatia ule mkebe kama mama aliyebeba mtoto mgonjwa.

Mwalimu wetu wa Fizikia ni mtu wa maneno machache. Nilipompa kisa chote, alinitazama akauliza: "Densiti mlifundishwa kidato gani?"

"Cha Kwanza, Mwalimu."

"Na sasa uko kidato gani?"

"Cha Tatu, Mwalimu."

Hakuongeza neno. Akafungua maabara.

Tuliweka jiwe kwenye mizani: gramu 159. Tukajaza maji katika kopo la Yureka mpaka yakaacha kudondoka, tukaliteremsha jiwe kwa uzi polepole, na maji yaliyomwagika tukayapima katika silinda. Niliomba dua zangu zote. Almasi ina gramu 3.52 kwa kila sentimita ya ujazo. Kama jiwe lingekuwa almasi, maji yangekuwa kama sentimita 45 za ujazo. Nikainama macho yawe sawa na mstari wa maji, kama tulivyofundishwa. Sentimita 60. Nikagawa 159 kwa 60. Jibu: 2.65.

"Hiyo ni kwatzi," Mwalimu akasema. "Ndugu ya mchanga wa mto wenu. Ni silikoni na oksijeni."

"Lakini ilikata kioo, Mwalimu!"

"Katika kipimo cha ugumu cha Mohs, kioo kiko kwenye tano na nusu hivi. Kwatzi iko saba. Almasi iko kumi. Kila kilicho kigumu kupita kioo hukata kioo. Wewe ulijua nusu ya jambo ukalisema lote."

Nilikaa juu ya stuli ya maabara nikaishiwa nguvu. Mwalimu labda alinihurumia, kwa sababu aliketi vilevile. Ili kuficha aibu niliuliza swali lililokuwa likinisumbua tangu Ikutha: "Mwalimu, hata kama ingekuwa almasi, ni kweli kwamba doa huiharibu?"

Akatabasamu. Na alichonieleza jioni ile, na kile nilichosoma baadaye kwa msaada wake, ndicho kilichonifanya niandike makala haya. Kwa maana nilidhani nitaambiwa juu ya urembo, kumbe nilikuwa nikifunguliwa mlango mwingine kabisa.

Alianza na majirani. Almasi za Afrika Mashariki zenye sifa ziko Mwadui, mkoa wa Shinyanga, Tanzania, ambako mwanajiolojia wa Kanada aitwaye John Williamson aligundua mgodi mwaka wa 1940. Mwaka wa 1947 mgodi huo ulitoa almasi ya rangi ya waridi yenye karati 54.5, ikapewa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza kama zawadi ya arusi. Karati moja ni gramu 0.2. Nilipiga hesabu kimoyomoyo: jiwe la mjomba lingekuwa karati 795! Hapo peke yake ningepaswa kushtuka. Almasi hujengeka chini sana ardhini, kilomita 150 na zaidi, kisha volkano za aina maalum huzipandisha juu. Mawe ya kwetu Kitui na Makueni yana historia nyingine. Yalikandwa na kupikwa zamani milima ilipojikunja, na kazi hiyo huzaa vito vya namna nyingine, kama vile yakuti na ganeti.

"Chukua yakuti nyekundu ya Tsavo," Mwalimu akasema. Tsavo tunapakana nayo pale Mtito Andei, si mbali na kwetu. "Yakuti ikiwa safi kabisa haina rangi yoyote. Wekundu wake unatokana na atomu chache za kromiamu zilizokalia viti vya atomu za alumini." Ile ganeti ya kijani iitwayo tsavoriti, ambayo Campbell Bridges aliigundua Tanzania mwaka wa 1967 kisha akaipata upande wetu wa Taita miaka michache baadaye, nayo hupata ukijani wake kwa vanadi na kromiamu. Ukiondoa hizo atomu ngeni, rangi inakwenda zake. Tena, leza ya kwanza duniani, iliyowashwa na Theodore Maiman huko Marekani mwaka wa 1960, ilitumia kijiti cha yakuti ya kutengenezwa. Mwanga wake mwekundu ulitoka kwenye zile atomu ngeni za kromiamu. Wageni ndio waliowasha taa!

Halafu akaja kwenye almasi yenyewe. Almasi ni kaboni tupu, kila atomu imeshikana mikono na wenzake wanne. Wazia wanafunzi kwenye paredi ya Ijumaa, mistari imenyooka. Sasa mwanafunzi mmoja hayupo, nafasi yake iko wazi, na aliyesimama kando ya nafasi hiyo ni mgeni kutoka shule nyingine. Ndivyo ilivyo kasoro moja mashuhuri ya almasi: atomu moja ya kaboni imekosekana, na jirani yake ni nitrojeni badala ya kaboni. Dalali angeiita doa, kama angeweza kuiona.

Lakini ukiimulika kasoro hiyo kwa mwanga wa kijani, yenyewe hujibu kwa mwanga mwekundu. Mwaka wa 1997 watafiti wa Chemnitz, Ujerumani, walifaulu kuiona kasoro moja pekee iking'aa ndani ya almasi. Kasoro moja, ukubwa wa atomu mbili! Ndani yake mna elektroni zenye tabia iitwayo spini, kila moja kama kijisumaku kidogo mno. Ukiipigia mawimbi ya maikrowevu ya gigahezi 2.87, vijisumaku hivyo hugeuka, na ule mwanga mwekundu hufifia kidogo. Ni kama kuzungusha kitufe cha redio mpaka upate steheni. Sasa sogeza sumaku karibu. Ile steheni moja hugawanyika kuwa mbili, moja inapanda na nyingine inashuka. Kadiri sumaku ilivyo na nguvu, ndivyo steheni mbili zinavyoachana. Kwa hiyo ukipima umbali kati yao unajua nguvu ya sumaku, na hata nguvu ya sumaku ya dunia, ile inayoelekeza dira, inatosha kuzitenganisha.

Mwaka wa 2008 makundi mawili ya watafiti, la Harvard huko Marekani na la Stuttgart huko Ujerumani, yalionyesha kwamba kipimo hiki kinaweza kufanya kazi kwenye vitu vidogo mno, vidogo kuliko jicho la darubini ya kawaida linavyoweza kutofautisha. Na jambo lililonifurahisha ni hili: vipimo vingi vya kwanta havifanyi kazi mpaka vizamishwe kwenye baridi kali, kama ile ya heliamu ya majimaji, nyuzi 269 chini ya sifuri. Kasoro ya almasi inafanya kazi katika joto la chumba. Ikutha na jua lake lote, ingefanya kazi!

Inapima joto vilevile, maana ile steheni husogea kidogo joto likibadilika. Mwaka wa 2013 watafiti walitia chembe ndogo za almasi ndani ya seli hai ya binadamu wakapima joto humo. Na sisi wa huku tunaojua malaria, tusikilize hili: kijidudu cha malaria kikila damu huacha vipande vidogo vyenye usumaku hafifu. Mwaka wa 2019 watafiti walichapisha kazi ambayo ndani yake walivipima vipande hivyo kimoja kimoja kwa kutumia kasoro za almasi. Bado ni kazi ya maabara, si kipimo cha zahanati. Lakini mwanzo wa ngoma ni lele.

Kasoro hizo pia zinaweza kutoa mwanga kwa chembe moja moja, na hilo linatakiwa na wale wanaotaka kupeleka habari kwa mwanga. Mwaka wa 2015 huko Delft, Uholanzi, walifunganisha kasoro za almasi mbili zilizokuwa umbali wa kilomita 1.3, kipimo cha moja kikapatana na cha nyingine kuliko inavyowezekana katika mambo tuliyoyazoea.

"Kwa hiyo wanatafuta almasi zenye madoa?" nikauliza.

"Wanayatia wenyewe," Mwalimu akajibu. Almasi hizo hukuzwa kutokana na gesi ya methani na hidrojeni, kwa usafi mkubwa sana. Kisha nitrojeni kidogo inatiwa, atomu za kaboni zinang'olewa kwa kupigwa na elektroni, halafu jiwe linapashwa joto la nyuzi 800 au zaidi, mpaka nafasi zilizo wazi zitangetange na kukwama kando ya nitrojeni. "Lakini sikiliza vizuri," akaongeza. "Kasoro zikizidi, zinapigiana kelele na kipimo kinaharibika. Siri si kuwa na kasoro. Siri ni kuijua: iko wapi, ni ya namna gani, na ukiiuliza inajibu nini."

Nilirudi bwenini usiku nikakosa usingizi. Niliwaza kwamba watu hao wa Chemnitz na Harvard hawakusema almasi yao ni safi. Waliionyesha kasoro waziwazi, wakaipima, na kutokana nayo wakapata ukweli kuhusu vitu vingine. Mimi je? Kasoro yangu niliijua sasa: nilisema "ni" mahali pa "huenda". Ningeweza kuificha. Ningeweza kumwambia mjomba kwamba dalali ndiye mwongo, nami nikabaki msomi wa ukoo. Dalali alikuwa na hatia yake, sikatai. Lakini aliyewasha moto ule usiku wa Aprili, kwa kipande cha kioo, hakuwa dalali. Na mficha uchi hazai.

Jumamosi iliyofuata niliomba ruhusa, nikafunga safari hadi Ikutha. Nilimkuta mjomba akiwafunga kengele maksai wake. Tulisalimiana. Nikampa mkebe wake kwanza, ili aone kwamba kiapo nimekitimiza. Kisha nikasema, huku nikitazama chini:

"Mjomba, si almasi. Ni kwatzi. Tumeipima. Aliyekudanganya wa kwanza ni mimi."

Kimya. Maksai mmoja alitikisa masikio, kengele ikalia. Nilimweleza habari za mizani na maji, na akataka aone kwa macho yake. Basi tulichukua sufuria na kikombe, tukajaza maji, tukalitumbukiza jiwe, nikamwonyesha maji yanavyomwagika. Mjomba hakusoma zaidi ya darasa la nne, lakini alielewa upesi kuliko nilivyoelewa mimi Kidato cha Kwanza. Anajua debe la ndengu na debe la makapi havina uzito mmoja.

"Kwa hiyo ni jiwe la bure," akasema.

"Si la bure, mjomba. Hebu nione saa yako." Alinyoosha mkono. Kwenye uso wa saa yake ya siku nyingi pameandikwa "Quartz". Nikamwambia ndani ya saa hiyo kuna kipande kidogo cha kwatzi ya kutengenezwa, kinachotetemeka mara 32,768 kila sekunde, na ndicho kinachohesabu wakati. Aliitazama saa kana kwamba ndiyo kwanza anaiona.

"Na huu ukungu? Huyu bwana alisema ndio unaoshusha bei."

"Ukungu huo mara nyingi ni vitone vidogo mno vya majimaji, mjomba. Vilinaswa ndani jiwe lilipokuwa likikua, zamani sana, kabla ya binadamu."

Mjomba aliliinua jiwe juani akaligeuzageuza. Ghafla akaanza kucheka, kicheko cha kweli, si kile cha Agosti. "Yaani hata jiwe la Ukambani linajiwekea akiba ya maji! Linatushinda akili."

Susu naye akacheka kwenye kivuli cha mwembe. Sikuona tena ule mwiba machoni pake.

Dalali aliporudi aliambiwa alipime jiwe hapo hapo, kwenye sufuria. Hakuketi hata kunywa chai. Mvua iliponyesha, maksai wote wawili walikuwa kwenye nira, na mjomba akalima shamba lake na ya majirani wawili. Jiwe liko dirishani pale Ikutha. Asubuhi jua likilipiga, linatupa vipande vya rangi za upinde wa mvua ukutani, isipokuwa pale penye ukungu.

Wanachama wenzangu wa Chama cha Kiswahili, sina mawaidha marefu. Siku hizi, mtu akiniuliza jambo ambalo nimelijua nusu, ninamwambia ile nusu, na ninamwonyesha mahali inapoishia. Na mkipita Ikutha mkaona jiwe linang'aa dirishani, ingieni mkaribishwe chai. Ila msimwite mpwa wake msomi. Bado anajifunza densiti.